Mbio za Skuta Kubwa na Fadhila ya Kiasi

Mtu akutanapo na skuta kubwa ya safari, ile yenye kiti kipana cha watu wawili, kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo, swali lake la kwanza karibu daima ni hili: "Yakimbia kilomita ngapi kwa saa?" Watoto huliuliza, na wazee wenye mvi huliuliza vile vile. Ni wachache waulizao jinsi inavyosimama, au kama mama wa watoto ataketi raha kwa safari ya kutwa. Leo twapenda kulichunguza swali hilo, kwani ingawa laonekana dogo, ndani yake mna swali kubwa la maadili: Je, yafaa mtu kutamani na kununua nguvu ambayo ajua hana mahali pa haki pa kuitumia?

Kwanza tutazame chombo chenyewe. Vespa, ambayo kwetu jina lake limekuwa karibu jina la skuta zote, ilizaliwa Italia mwaka 1946, wakati nchi ile ilikuwa bado haijajikung'uta mavumbi ya vita. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa vyombo vya anga. Injini yake ilikuwa ya sisi 98, na mwendo wake wa juu kilomita 60 kwa saa. Kusudi lake lilikuwa la unyenyekevu: mfanyakazi afike kazini kwa gharama ndogo, na mwenye sketi au kanzu apande bila kurusha mguu juu ya tangi wala kuchafuliwa na grisi.

Wajukuu wa chombo kile wamekuwa majitu. Mwaka 2002 kampuni ya Suzuki ya Japani ilitoa Burgman 650, yenye injini ya sisi 638, nguvu za farasi zipatazo 55, na uzito unaopita kilo 270 ikiwa imejazwa mafuta. Mwaka 2007 Gilera ya Italia ilitoa GP800, ya sisi 839 na farasi wapatao 75, ambayo mwendo wake wa juu ulikaribia kilomita 200 kwa saa. Mwaka 2012 ikafuata BMW C 650 GT ya Ujerumani, yenye farasi 60, ambayo watengenezaji wake waliitaja kufikia kilomita 175. Hata hivyo, katika barabara kuu za magari za Italia na Ufaransa sheria yaruhusu kilomita 130 tu, na za Hispania 120. Basi nguvu iliyozidi hapo ni ya nini?

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni mwendo wa juu kabisa. La pili ni wepesi wa kuongeza mwendo. Katika skuta hizi hakuna gia za kubadilisha kwa mguu. Mkanda huzunguka kati ya magurudumu mawili ya chuma yanayopanuka na kubana, na hivyo injini hubaki katika mzunguko wake wenye nguvu, huku chombo kikizidi kwenda. Mwendeshaji hana kazi ila kuzungusha mkono wa kulia, na mashine humtii mara moja.

Wepesi huo wa kuongeza mwendo una utetezi wa haki, wala tusiudharau. Tuseme baba na mama wamepanda pamoja na mizigo yao, na mbele yao lori refu linapanda mlima kwa kilomita 50 kwa saa. Ili kulipita na kurudi upande wao kwa usalama, yawapasa kupata mita 60 hivi kuliko lori. Chombo dhaifu, ambacho katika mlima ule hakiwezi kupita kilomita 70, kitakaa upande wa hatari kwa sekunde 11 hivi, na kula zaidi ya mita 200 za barabara. Chombo chenye nguvu, kikienda kilomita 90, kitamaliza kwa sekunde 5 na nusu na mita 135 tu. Hapo nguvu haikuwa majivuno, bali ilikuwa ulinzi. Asemaye kwamba nguvu yote iliyozidi haja ya kila siku ni anasa, huyo hajapanda mlima akiwa na mkewe nyuma.

Lakini tuangalie pia upande wa pili, maana hesabu haina upendeleo. Mwendo wa juu hauleti faida ya namna ile. Mtu aliye na safari ya kilomita 100, akienda kwa kilomita 130 kwa saa, atafika kwa dakika 46. Akienda kwa 160, atafika kwa dakika 37 na nusu. Amechuma dakika zisizotimia 9. Naye amelipa nini? Nguvu ya kishindo haiongezeki sawasawa na mwendo; mwendo ukiwa maradufu, kishindo huwa mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mnazi wa mita 10. Kwa kilomita 130 ni kama kuanguka kutoka mita 66. Kwa 160, kutoka mita 100. Tena, mtu anayekwenda 160 hupita mita 44 katika sekunde moja, yaani kabla akili yake haijamwambia mkono ushike breki. Wahenga wetu hawakuzijua skuta, lakini walisema kweli: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi mbona watu wazima, wenye akili zao, huzitafuta dakika 9 kwa bei hiyo? Twadhani ni kwa sababu hawazitafuti dakika. Wanatafuta namba ya kusimulia. Na namba yenyewe mara nyingi si ya kweli. Kanuni zinazofuatwa Ulaya zakataza kipima mwendo kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, lakini zaruhusu kionyeshe zaidi, hata kwa sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Hivyo ajisifuye kwamba ameona 180, yawezekana alikwenda 160 tu. Amehatarisha roho yake kwa ajili ya fahari, na fahari yenyewe ilikuwa na maji ndani yake kama maziwa ya mchuuzi asiye mwaminifu.

Liko jambo zito kuliko hayo. Skuta ya safari imetengenezwa kwa watu wawili. Yule wa mbele ameshika usukani, aona barabara, na mkono wake ndio unaoamua. Yule wa nyuma ameshika kiuno cha mwenziwe tu. Hakuulizwa. Akisema "polepole", upepo huyachukua maneno yake. Yule wa mbele aweza kujidanganya kwamba anahatarisha mali yake mwenyewe, yaani uhai wake; ingawa hata huo haukuwa mali yake, kwani alipewa. Lakini uhai wa aliyeketi nyuma, na wa mtoto avukaye barabara, na mkate wa wale waliobaki nyumbani wakingoja, hivyo ni vya nani? Mwenye kuvitumia vitu vya wengine bila idhini yao twamwita jina linalojulikana, hata kama hakukusudia kuiba.

Watakuwapo wasomaji watakaojibu: "Nguvu si dhambi. Kisu hukata mkate, na kisu hicho hicho huua, hatuvitupi visu." Ni kweli, nasi hatusemi kwamba mwenye skuta kubwa ametenda kosa kwa kuwa nayo. Lakini kisu hakimwiti mtu, ilhali mashine yenye nguvu, inayotii kwa kuguswa kidogo, humwita mwenyewe kila barabara inaponyooka. Mapokeo yetu yana neno kwa jambo hilo: nafasi ya dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaweka ulevi na kupenda mno mwendo wa kasi katika fungu moja, pale inapowalaumu vikali wanaohatarisha usalama wao na wa wenzao barabarani. Uwekaji huo ni wa haki. Mlevi naye hunywa kikombe cha kwanza kwa sababu njema, na kosa lake ni kungoja mpaka kikombe cha tano ndipo aamue atakoma lini.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Yafaa mtu kuwa na akiba ya nguvu, kama ifaavyo kuwa na akiba ya nafaka ghalani. Lakini akiba ni kwa siku ya haja, wala si kwa kutapanya kila jioni. Na mpaka wa kuitumia yapasa uwekwe nyumbani, kabla ya safari, akili ikiwa tulivu na watoto wakiwa mbele ya macho; usingojwe barabarani, damu ikiwa imechemka. Hiyo ndiyo kazi ya kiasi. Fadhila hii haimwambii mtu awe na kidogo. Yamwambia atawale kile alicho nacho, kiwe kidogo au kingi.

Wala tusidhani kwamba maneno haya ni ya matajiri wa Milano na Paris tu. Pikipiki ndogo ya sisi 125, imepakia watu watatu katika mtaa wa nyumba za udongo, yaweza kuwa na mbio za kupindukia kwa kilomita 60, maana mbio hupimwa kwa wale walio karibu nayo, wala si kwa namba peke yake.

Enyi wazazi, kijana wenu ajapo nyumbani na habari za chombo kipya, mwacheni aseme kinakimbia kilomita ngapi, kwani furaha ya ujana si dhambi. Kisha mwulizeni maswali mawili aliyoyasahau: chasimama kwa mita ngapi, na ni nani atakayeketi nyuma yake?