Deni la Mwanafunzi wa Ngoma

Mwaka 1935 Katherine Dunham, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alisafiri mpaka visiwa vya Karibi, na hasa Haiti, apate kujifunza ngoma za watu weusi wa huko. Alikwenda kutazama ngoma, akaona na ufukara. Wengi wa waliomfundisha walikuwa maskini, nao walimpokea. Akarudi Marekani na maarifa yaliyomletea sifa kubwa.

Je, mtu wa namna hiyo awasaidiapo walimu wake, atoa sadaka ama alipa deni? Wengi wataiita sadaka. Lakini sadaka hutoka katika mali ya mtoaji, na ngoma zile hazikuwa mali yake. Baadaye Dunham alifungua zahanati huko Haiti. Tena mwaka 1992, akiwa bibi wa miaka 82, alifunga kula siku 47, kwa kuwa Marekani ilikuwa ikiwarudisha kwao Wahaiti waliokimbia kwa mashua. Mfadhili wa kawaida hafiki hapo. Atoa kilichozidi, kisha aenda kula.

Lubumbashi nayo ina swali hilo. Komini ya Kenya, mojawapo ya mitaa waliyotengewa Waafrika enzi ya ukoloni, ndiyo iliyowazaa Jecoke, waimbaji na wachezaji mashuhuri. Kijana wa mjini aendaye huko kujifunza kucheza hupewa kiti, pengine kilicho kimoja tu nyumbani. Akiisha kujifunza huaga. Mwenyeji hamdai kitu, bali humsindikiza mpaka barabarani.