Dharau ya Rangi Haivunjwi kwa Hoja

Yaulizwa: mwenye kudharauliwa kwa rangi yake akidhihirisha ubora wake, je, dharau itamwondokea? Wengi hujibu kwamba itamwondokea. Habari ya Jack Johnson wa Marekani yaonyesha vingine.

Mtu huyu alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1878, na wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Alipokuwa hodari wa ngumi, mabingwa weupe wa uzani wa juu walikataa kushindana naye. Jim Jeffries alikuwa mmoja wao. Ikasemwa kwamba mtu mweusi hana moyo wa kustahimili. Hatimaye Tommy Burns alikubali kwa malipo makubwa, na tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, Johnson alimpiga hata polisi wakaukomesha mchezo katika raundi ya 14.

Hoja ikavunjika. Je, dharau nayo iliondoka? La! Jeffries, aliyekwisha kustaafu, aliombwa arudi auokoe utukufu wa weupe. Naye akashindwa mjini Reno, tarehe 4 Julai 1910. Usiku ule weusi walishambuliwa katika miji mingi, na watu wakauawa. Mwaka 1912 ikatungwa sheria ya kuzuia picha za senema za ngumi zisichukuliwe kutoka jimbo hata jimbo. Mwaka 1913 Johnson akatiwa hatiani na baraza la watu weupe watupu, kwa sheria iliyowekwa kuzuia biashara ya wanawake, ilhali kilichowachukiza ni kusuhubiana kwake na wanawake weupe.

Huenda mtu akasema: Johnson alipenda anasa na kujifakhari. Ni kweli. Lakini John L. Sullivan, bingwa mweupe wa kabla yake, alikuwa mlevi mashuhuri, na watu walimpenda. Aibu za mtu si ruhusa ya kumdhulumu. Haki wanayopewa wenye kupendeza peke yao si haki, ni zawadi.

Johnson alikufa mwaka 1946. Msamaha wa Rais ulitolewa mwaka 2018, yaani miaka 72 baadaye.

Basi imebainika kwamba dharau hii haikujengwa juu ya hoja, wala haivunjwi kwa hoja. Ikipokonywa sababu moja hutafuta ya pili. Kwa hiyo si juu ya mwenye kudharauliwa kuleta ushahidi kila siku, bali ni juu ya mwenye kudharau kuitengeneza mizani yake. Na kila apimaye watu kwa rangi au kwa nasaba, popote alipo, na aitazame mizani iliyo mkononi mwake kabla ya kuwacheka watu wa Marekani.