Mzigo wa Nguruwe

Katika sura ya tano ya Injili ya Marko, pepo waliokuwa wakimtesa mtu mmoja makaburini wanaomba wasifukuzwe mbali, ila waingizwe katika nguruwe. Wanaruhusiwa. Kundi la nguruwe wapatao 2,000 linateremka mbio na kuzama ziwani, na yule mtu anarudiwa na akili zake. Huko Bugarama, mahali ambapo milima ya Burundi inaporomoka hadi karibu na Ziwa Tanganyika, habari hii haihitaji kuchorewa picha. Msikilizaji anaujua mteremko, analijua ziwa, na huenda nyumbani ana nguruwe jike ambaye watoto wake ndio watakaolipia madaftari na sare za shule. Naona msikilizaji huyo ana haki ya kuuliza jambo ambalo wahubiri wengi hulipita: nguruwe walikosa nini?

Siulizi ili kubishana na Injili. Mtu kuponywa ni jambo kubwa kuliko kundi zima la mifugo. Kinachonishughulisha ni tendo moja ambalo wanadamu tumelizoea mno hata hatulioni tena: kuchukua kilicho chetu, kinachotutia aibu au hofu, tukambebesha mwingine, kisha tukamchukia huyo mwingine kwa kuwa anacho. Nguruwe ndiye mnyama aliyebebeshwa kuliko wote.

Mambo mawili yasichanganywe. Mjini Rumonge, kando ya ziwa hilohilo, Waislamu wameishi na majirani Wakristo vizazi na vizazi, soko moja, mawese yaleyale, ndagala walewale. Kutokula nguruwe ni sehemu ya maisha ya Mwislamu, kama ilivyo kwa Waadventista wanaoshika Mambo ya Walawi. Surat al-An'am, aya ya 145, inaitaja nyama yake kuwa najisi, na papo hapo inamfungulia mlango aliyelazimika kwa dharura. Walawi 11 inataja alama ya mwili: ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na Walele wa Kasai huko Kongo kabla ya kuchapisha kitabu chake kuhusu unajisi mwaka 1966, alieleza kwamba nguruwe alitengwa kwa sababu hakuingia sawasawa katika fungu lolote la wanyama. Maelezo hayo unaweza kuyakubali au kuyakataa. Kwa vyovyote, katazo ni nidhamu ambayo mtu anauwekea mdomo wake mwenyewe, na halimpi yeyote kibali cha kumwita jirani yake nguruwe.

Lakini siasa imejitwalia kibali hicho zamani. Kwanza nguruwe aligeuzwa mtu: mwaka 1386, mji wa Falaise nchini Ufaransa ulimhukumu na kumwua nguruwe jike kwa kosa la kumwua mtoto, na inasimuliwa kwamba alivalishwa nguo za binadamu. Miaka mia nne baadaye mtu akageuzwa nguruwe: mfalme Louis XVI alipojaribu kutoroka mwaka 1791, wachoraji wa Paris walimpa kiwiliwili cha nguruwe. Kwetu Afrika Mashariki, tarehe 14 Mei 2013, waandamanaji walioongozwa na mwanaharakati Boniface Mwangi walipeleka nguruwe na damu nje ya Bunge mjini Nairobi, wakipinga wabunge wapya waliotaka mishahara minono zaidi. Juni 2014, vijana wa kundi la Jobless Brotherhood waliingiza katika Bunge la Kampala nguruwe wawili wadogo waliopakwa njano, rangi ya chama tawala.

Nawaheshimu vijana hao. Walihatarisha miili yao kusema jambo ambalo wakubwa walikuwa wakilinong'ona. Hata hivyo, naamini ile picha iliwapunguzia mzigo walewale waliokusudiwa kuaibishwa. Nguruwe hula alichomwagiwa. Hajipangii mshahara, hapigi kura ya kujiongezea posho, hamdanganyi mjane kuhusu hati ya shamba. Uroho unaopitishwa bungeni ukawa sheria ni kazi ya binadamu mwenye akili timamu. Tukimwita nguruwe tunampa kisingizio cha maumbile, kana kwamba alizaliwa hivyo na hakuchagua.

George Orwell alilielewa hili vizuri kuliko wengi wanaomtaja. Kitabu chake cha 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967, husomwa kana kwamba kinasema watawala ni nguruwe. Ukifuata hadithi yenyewe, njia inaelekea upande mwingine. Nguruwe wale wanaharibika kadiri wanavyojifunza mambo yetu: kulala vitandani, kulewa, kufanya biashara ya ulaghai, kushika mjeledi, mwishoni kutembea kwa miguu miwili. Nyuso za nguruwe na za watu zinapokosa tofauti mezani, anayeshtakiwa pale ni mwanadamu.

Kwenye Maziwa Makuu suala hili si la maktaba. Rumonge ni mojawapo ya sehemu za Burundi ambako machafuko ya 1972 yalianzia, tarehe 29 Aprili, na yaliyofuata nchini yaliacha makaburi ambayo bado yanafukuliwa. Mwaka 1994, jirani zetu wa Rwanda waliitwa mende na nyoka redioni kabla ya kuuawa. Eneo lenye kumbukumbu hizi haliwezi kuchukulia jina la mnyama kama mzaha tu, hata likielekezwa kwa mtu anayestahili kukemewa.

Hadithi za watoto zimekuwa na huruma zaidi. Wale nguruwe watatu wadogo, waliochapishwa na Joseph Jacobs mwaka 1890 na kupelekwa kwenye sinema na Walt Disney mwaka 1933, ni mafundi ujenzi, na yule wa matofali anamshinda mbwa mwitu kwa akili na uvumilivu. Pumbaa wa 1994, ngiri wa filamu ya The Lion King, ana moyo mwema, lakini hata yeye amebebeshwa harufu ili watu wacheke.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito. Tegu wa nguruwe ni mnyoo unaoishi utumboni mwa mtu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho hupata vifuko vya mnyoo nyamani, na anayekula nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu. Lakini mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga, vifuko hujijenga mwilini mwake hadi ubongoni, na huweza kumletea kifafa. Utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha uhusiano mkubwa kati ya ugonjwa huu na kifafa. Na mwaka 1992 waliripotiwa mjini New York wagonjwa wa aina hii katika jamii ya Wayahudi wasiokula nguruwe kabisa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu anaanguka, anatetemeka, povu linamtoka, na watu wanasema ana pepo. Wengine wanasema ni nguruwe. Kumbe safari ya mayai yale ilianzia kwa mwanadamu asiye na choo. Nguruwe ndiye aliyeambukizwa nasi kwanza, naye akapewa jina la mchafu. Hana tezi za jasho za kutosha kupooza mwili, ndiyo maana hutafuta tope. Akipewa banda lenye nafasi hutenga mahali pa kunyea mbali na anapolala.

Mnyama huyu hubeba mimba siku 114 na huzaa watoto wengi kwa mpigo, kwa hiyo hufika nyumba ambazo ng'ombe hawezi kufika. Ng'ombe amepewa mashairi, hata salamu ya Kirundi ya kutakiana makundi ya ng'ombe, amashyo. Nguruwe hulipa ada na hakuna anayemwimba.

Dawa za tegu zipo, kwa watu na kwa nguruwe, na kuwafungia nguruwe bandani husaidia. Lakini mkutano wa wakazi wa kilima kuhusu ugonjwa huu ukianzia bandani, tutakuwa tumembebesha tena. Naomba uanzie chooni: ni kaya gani haina, wapi maji ya kunawa yako mbali, na yule mgonjwa wa kifafa wa nyumba ya jirani amepelekwa hospitali au bado amefichwa ndani.