Mfano wa Bingwa: Tunaiga Nini?

Kijana akimwona bingwa wa sanaa za kujihami katika sinema, na kesho yake akaamka alfajiri kwenda kukimbia na kunyoosha viungo, watu husema kwamba bingwa yule amemtia ari. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Yafaa tujiulize: ari hiyo ni ya kutenda jambo gani? Je, ni ari ya kumshinda mtu mwingine, au ni ari ya kuitawala nafsi? Mambo hayo mawili huanza mahali pamoja, nayo huishia mbalimbali kama mashariki na magharibi.

Pengine hapana aliyewatia watu ari hiyo kuliko Bruce Lee. Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1940, akalelewa Hong Kong, na huko akajifunza mtindo wa Wing Chun kwa mwalimu Yip Man. Alifariki tarehe 20 Julai, 1973, akiwa na umri wa miaka 32, kabla filamu yake Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa. Katika miaka ile ya sabini filamu zake zilijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, na vijana walitoka humo wakirusha ngumi hewani. Hata hivyo, sinema humwonyesha mtazamaji mavuno bila ya kumwonyesha shamba. Waliomshangilia hawakumwona akisoma falsafa katika chuo kikuu mjini Seattle. Wala hawakumwona mwaka 1970, alipoumia mgongo akalazimika kulala kitandani kwa miezi, akawa anasoma na kuandika juu ya sanaa yake.

Nami nilikuwa mmoja wa watazamaji hao wasioliona shamba. Katika miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni, nilimwona Bruce Lee kwa video wakati wa likizo. Muhula ulipoanza nilimrukia mwenzangu teke bwenini, eti kwa mzaha. Akaanguka vibaya, akavunjika mkono wa kuume. Mwalimu wa zamu hakunichapa. Aliniamuru nimwandikie mwenzangu masomo yake yote mpaka mkono upone. Kwa majuma sita niliandika kila somo mara mbili, usiku, hali wengine wamelala. Mwenzangu hakunilaumu, alikaa kando yangu akinisahihisha tahajia. Mkono ulipona, lakini haukunyooka sawasawa. Teke langu lilichukua nukta moja tu. Fidia yake ilinitaka nivumilie siku baada ya siku, pasi na mtu wa kunishangilia. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu maana ya mazoezi.

Maana hiyo aliifahamu vyema Jigoro Kano wa Ujapani, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa na mwili mdogo, na shuleni wenziwe wenye nguvu walimwonea. Kwa hiyo akatafuta walimu wa jujutsu wamfundishe kujihami. Laiti angalitaka kulipiza kisasi tu, jina lake lingalisahauliwa. Lakini mwaka 1882 alianzisha shule ya judo, iitwayo Kodokan, katika hekalu moja mjini Tokyo, akiwa na wanafunzi wachache na majamvi 12 tu. Kazi yake ilikuwa ualimu, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kufundishia walimu. Aliiweka judo juu ya misingi miwili: kutumia nguvu za mwili na akili kwa namna iliyo bora kabisa, na kufanikiwa pamoja, mtu na mwenziwe.

Tazama jinsi misingi hiyo inavyotendeka. Mwanafunzi wa judo hafundishwi kwanza kuangusha, hufundishwa kuanguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena hawezi kujifunza peke yake: hana budi apate mwenzi anayekubali kuangushwa leo, ili kesho naye aangushwe. Kila mmoja anamwazima mwenziwe mwili wake, na ndiyo sababu huinamiana kabla na baada ya zoezi. Nami sikumwomba mwenzangu mwili wake. Niliunyang'anya.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya Hong Kong na Tokyo yanauhusu nini utamaduni wetu? Namjibu kwamba wazee wetu waliyajua. Huko Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa magomba ya migomba ili kuyamaliza machungu ya mwaka uliopita; na pigano likiisha, ugomvi nao umekwisha. Katika kirumbizi cha pwani, wachezaji hukabiliana kwa fimbo huku ngoma ikiwaongoza. Nguvu haikukataliwa, bali iliwekewa sheria, wakati na heshima.

Mfano wa mwisho ni wa mwaka 1964, judo ilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Tokyo. Katika fainali ya uzito huria, Anton Geesink wa Uholanzi alimshinda Mjapani Akio Kaminaga, mbele ya Wajapani waliojaa ukumbini. Mashabiki wa Geesink walipotaka kukimbilia jamvini kwa furaha, yeye aliinua mkono akawazuia, kwa kuwa heshima ya mwisho baina yake na mshindwa haijatimizwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini bwana huyu, sifa zilipomjia mbio, alizisimamisha. Naona mkono ule uliwafunza watu zaidi ya ushindi wenyewe.

Basi, enyi walimu wenzetu, tusiwadhihaki vijana wanaowapenda mabingwa, wala tusiwakataze. Kupenda ni mlango. Lakini tuwaulize: bingwa wako alifanya nini siku ambazo hakuna aliyemtazama? Alimfanyia nini aliyemshinda? Nanyi wanafunzi, mkitaka kujua kama mmemwiga bingwa kwa kweli, msizihesabu ngumi zenu. Mwulizeni yule mnayefanya naye mazoezi kama yu salama mikononi mwenu.