Sindano Unayoiogopa

Mwanangu, nimesikia umeahirisha tena kipimo cha uvimbe wa titi lako. Umeambiwa uvimbe ukichomwa sindano saratani huamka na kusambaa mwilini. Sikucheki. Hata mimi niliyasema hayo, tena kwa sauti, mbele ya ukoo mzima.

Shangazi yako mkubwa alipoota uvimbe titini, daktari alitaka kuchukua kinyama kikapimwe. Tukakataa. Jirani yetu alichomwa sindano, haukupita muda akafariki; basi sisi tukaona sindano ndiyo iliyomuua. Hatukujiuliza alikaa na uvimbe ule muda gani kabla hajafika hospitali. Shangazi akahangaika na dawa za mizizi mpaka titi likawa kidonda. Aliporudi, daktari alimsikiliza kwa upole, lakini hakuwa na mengi ya kumfanyia.

Hofu ile haikutoka hewani, mwanangu. Sindano ikivutwa inaweza kuacha chembe za saratani njiani, kama gunia la mtama lililotoboka. Lakini punje kudondoka ni jambo moja, kuota ni jingine. Kwa saratani ya ini, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta chembe zimeota kwenye njia ya sindano kwa wagonjwa wasiofika 3 katika kila 100. Hata hivyo madaktari hawaidharau hatari hiyo. Mwenye ini lililosinyaa, mara nyingi picha za CT au MRI zinatosha kumwonyesha saratani bila kuchomwa. Korodani inayoshukiwa kwa kawaida haichomwi. Hutolewa nzima kwa kupasua kinenani. Jicho la mtoto lenye saratani, lile ambalo mboni yake hung'aa nyeupe, ndilo wanaloliogopa zaidi kulitoboa. Na uvimbe wa mfupa au msuli, afadhali mpasuaji mwenyewe achague pa kuchoma, ili siku ya operesheni aikate na njia ya sindano.

Titi lina habari yake. Chembe huonekana kwenye njia ya sindano, ila kadiri siku zinavyopita kabla ya operesheni ndivyo zinavyopungua. Nyingi hufa zenyewe. Hata kwa saratani ya kongosho, ambayo watu huitetemekea, watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani walitoa matokeo mwaka 2015 ya wagonjwa zaidi ya 2,000 waliopasuliwa. Nusu ya waliochomwa sindano kwanza waliishi miezi 22 au zaidi; kwa wasiochomwa ilikuwa 15. Sisemi sindano iliwaongezea umri. Nasema haikuonekana kuwapunguzia.

Wewe una haraka, unataka mtu akuambie ndiyo au hapana kwa simu. Bila kinyama, mwanangu, hakuna atakayejua kwa hakika kama huo ni uvimbe wa kawaida, kama walio nao wasichana wengi, au ni saratani. Na kama ni saratani, iwapo dawa za homoni zitaifaa. Majibu nayo huchelewa, na kusubiri kunachosha kuliko kuchomwa.

Nenda ukamuulize daktari: sindano itapita wapi, na mpasuaji ameshauriwa? Akikwambia uvimbe wako ni wa kuchomwa, kubali. Akikwambia huu hatuuchomi, usidhani amekutupa. Muulize wataupima kwa njia gani, na lini.