Kumbukumbu Tamu na Deni la Kweli



Watu wazima wanapokaa pamoja, baada ya kumaliza habari za mvua, ada za shule na bei ya sukari, mara nyingi mazungumzo hurudi utotoni. Mmoja hukitaja kipindi cha watoto alichokuwa akikitazama kwenye televisheni ya jirani, na hapo hapo wenzake huchangamka. Huyu hukumbuka wimbo wa kufungulia, yule hukumbuka jina la kikaragosi, na mwingine huigiza sauti yake. Siku hizi wako hata wanaovitafuta vipindi hivyo katika simu, wakavitazama usiku watoto wao wakiwa wamelala. Basi swali letu ni hili: furaha hiyo ni kitu gani? Je, ni upuuzi wa watu waliochoshwa na utu uzima, au kuna jambo jema ndani yake, jambo ambalo hata latudai kitu?

Kwetu televisheni haikufika kila mahali kwa wakati mmoja. Kenya iliianza mwaka 1962, Zanzibar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo wazee wa Bara, tukiwauliza habari za vipindi vya watoto, hawataji picha bali sauti: watasema juu ya “Mama na Mwana” cha Radio Tanzania. Nao waliozaliwa juzi watataja Ubongo Kids, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014. Vyombo vimebadilika, lakini jambo lenyewe ni lile lile. Mtu mzima ambaye hamjui mtoto yule, wala hatamwona kamwe, anamfikia nyumbani kwao na kumwambia neno.

Wako watakaosema kwamba kumbukumbu ni mwongo, hupaka asali kila kitu cha zamani. Ni kweli kwa sehemu. Ukikitazama tena kipindi ulichokipenda, huenda ukashangaa: nyumba ni ya karatasi, uzi wa kikaragosi waonekana, na hadithi ni fupi. Wengine husema kwamba tulichokipenda si kipindi, bali ule mkeka wa jirani, chai ya jioni, na ndugu ambao wakati ule walikuwa bado hai. Hilo nalo ni kweli, lakini halitoshi. Maana juu ya mkeka ule ule tulitazama mambo mengine mengi: matangazo ya sabuni, hotuba ndefu, na mieleka. Hayo hatuyataji kwa upendo. Hapana budi kipindi chenyewe kilikuwa na kitu.

Nadhani kitu hicho ni heshima. Mtoto anajua upesi sana ni nani anayemchezea tu na ni nani anayesema naye. Vipindi vilivyodumu mioyoni mwa watu ni vile ambavyo ndani yake mtu mzima alimwona mtoto kuwa mtu kamili, anayeweza kuambiwa kweli. Tuitazame mifano inayojulikana sana.

Huko Marekani alikuwako Fred Rogers, aliyezaliwa mwaka 1928 katika mji wa Latrobe, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1963 kanisa la Presbiteri lilimweka wakfu kuwa mchungaji, lakini halikumpa usharika wa kuongoza. Lilimtuma akawahudumie watoto na jamaa zao kwa njia ya televisheni. Kipindi chake, Mister Rogers' Neighborhood, kilionyeshwa nchi nzima tangu mwaka 1968, na vipindi vipya viliendelea kutolewa mpaka mwaka 2001. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alivua koti, akavaa sweta, akabadilisha viatu, akasema polepole kama mtu aliyeketi na mtoto mmoja tu.

Mwezi Juni mwaka 1968 Robert Kennedy alipouawa kwa risasi, Rogers alitengeneza upesi kipindi cha pekee, na ndani yake kikaragosi chake kidogo cha chui milia kiliuliza maana ya neno lile ambalo watu wazima wote walikuwa wakilitamka siku zile, yaani kuuawa kwa mtu mkubwa. Mwaka 1970 alimkuta samaki mmoja amekufa ndani ya tangi lake. Wala hakuleta samaki mwingine kwa siri. Alimtoa, akajaribu kumtia katika maji ya chumvi, akaona haifai, akamzika bustanini. Kisha akawaeleza watoto habari za mbwa wake aliyekufa alipokuwa yeye mwenyewe mdogo, na jinsi alivyolia.

Mfano wa pili ni Sesame Street, kilichoanza tarehe 10 Novemba 1969, na ambacho baadaye kilionyeshwa katika nchi zaidi ya 100. Katika mtaa ule alikuwako mwenye duka, mzee Hooper, na rafiki yake mkubwa alikuwa Big Bird, ndege mrefu wa manyoya ya njano mwenye akili ya mtoto mdogo. Mwigizaji wa mzee Hooper, Will Lee, alifariki mwezi Desemba mwaka 1982. Waliotengeneza kipindi wakawa na shida. Wangeweza kumtia mtu mwingine mahali pake na kumwita kwa jina lile lile. Wangeweza kusema kwamba mzee amehama. Wangeweza pia kunyamaza tu, wakitumaini kwamba watoto watasahau.

Hawakufanya hata moja la hayo. Walitafuta ushauri wa watu wanaojua mambo ya watoto, wakaijaribu sehemu ile mbele ya watoto kabla ya kuitoa, kisha wakaionyesha tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ya Shukrani, ambapo wazazi wengi walikuwa nyumbani. Katika kipindi hicho Big Bird amewachora rafiki zake wote, anawagawia picha zao, na moja inabaki: ya mzee Hooper. Anasema atampa atakaporudi. Hapo watu wazima wanamwambia kwa upole kwamba mzee amekufa, na kwamba mtu akifa harudi. Anauliza ni nani sasa atakayemtengenezea chakula chake na kumsimulia hadithi, naye David, aliyeachiwa duka, anamwambia kwamba ataifanya kazi hiyo. Anauliza kwa nini mambo yawe hivyo, na hakuna mwenye jibu. Hawakumtungia jibu. Waigizaji wale walimlilia mwenzao machozi ya kweli.

Afrika nayo ilifanya hivyo. Mwaka 2002, katika Takalani Sesame ya Afrika Kusini, aliingizwa kikaragosi aitwaye Kami, msichana wa miaka mitano, yatima, aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Wakati ule katika nchi zetu wako wazee waliokuwa wakinong'ona tu ugonjwa huo kwa mafumbo, huku watoto wakiwazika wazazi wao. Kami aliutaja kwa jina, akacheza na wenzake, nao wakacheza naye.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Msiba unapotokea, mara nyingi jambo la kwanza ni kuwaondoa watoto. Hupelekwa kwa jirani au kwa shangazi. Mtoto akiuliza, huambiwa, “Mama amesafiri,” au, “Bibi amelala.” Wasemao hivyo hawana nia mbaya hata kidogo. Wanampenda mtoto, na wao wenyewe wana uchungu mwingi kiasi kwamba hawana nguvu ya kumtazama usoni. Lakini tuangalie yanayofuata. Aliyeambiwa mama amesafiri hukaa mlangoni akimngoja, na miezi ikipita anaanza kuwaza kwamba mama amemchoka. Aliyeambiwa bibi amelala na kisha akazikwa, huogopa kufumba macho usiku. Tena siku moja mtoto mwenzake atamwambia kweli uwanjani, kwa ukali wa kitoto, na hapo atapata misiba miwili: mama hayupo, na watu wazima hawaaminiki. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Hapa kilio chenyewe ndicho tunachokificha.

Swali hili si jipya katika Kanisa. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, yapata mwaka 420 aliandika kitabu kizima dhidi ya uongo. Humo alilitazama jambo gumu: mtu ni mgonjwa sana, mwanawe amekufa, naye anauliza kama yu hai, na kuna hofu kwamba kweli itamwua. Je, adanganywe? Augustino hakujifanya mtu wa jiwe. Alikiri kwamba jambo hilo lamgusa na kumhuzunisha. Hata hivyo alishikilia kwamba uongo si dawa iliyo halali, maana tukishauruhusu kwa huruma hatutajua mahali pa kuukomesha.

Wengine wataona kwamba Augustino alikaza mno. Lakini hata asiyekubaliana naye katika habari ya yule mgonjwa, yafaa akumbuke tofauti moja: mtoto ana maisha mbele yake. Atakua, atajua, na atatuhukumu.

Lakini kusema kweli si kusema yote. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, wakadhani kwamba ni lazima kuchagua kati ya kumdanganya mtoto na kumtwisha mzigo wa mtu mzima. Kuna kweli, na kuna kipimo cha kweli. Wale wa Sesame Street hawakueleza ugonjwa wa mzee Hooper, wala hospitali, wala saa zake za mwisho. Walichagua machache, na hayo machache yalikuwa ya kweli. Mama hamlishi mtoto mchanga ugali mgumu, wala hamlishi udongo kwa sababu ugali ni mgumu. Humpikia uji, na uji na ugali ni unga ule ule.

Naona mtoto aliyefiwa anahitaji kuambiwa mambo matatu. Kwanza, kwamba huyu amekufa, na neno kufa lina maana ya kwamba mwili wake hauwezi tena kuumia, kusikia baridi, wala kurudi. Pili, kwamba si kosa lake, kwa kuwa watoto hudhani kwamba hasira zao au utundu wao vimeleta kifo. Tatu, ni nani atakayempikia, atakayelala naye, na atakayempeleka shule kesho. Swali la Big Bird juu ya chakula na hadithi halikuwa la uchoyo. Ndilo swali la kila yatima, na mtu mzima apaswa kulijibu kwa jina la mtu, si kwa maneno matupu. Na tukisema habari za tumaini la ufufuo, kama itupasavyo, tuziseme baada ya kusema kweli ya kifo. Tukizitumia kukificha kifo, mtoto atauliza kwa nini basi hatuendi kumchukua mama huko aliko.

Msomaji mmoja aweza kunijibu: “Wazee wetu waliwaficha watoto, nasi tulikua vizuri bila vikaragosi vya kutufundisha.” Neno hilo lina uzito. Lakini tukumbuke vizuri. Katika kijiji cha zamani kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Mtoto aliona watu wamenyoa nywele, wameketi chini, moto haujazimwa usiku kucha. Hata kama mdomo ulinyamaza, desturi zilisema. Tena kulikuwa na babu, bibi na wajomba wa kumshika mkono. Leo wengi wetu tunaishi katika vyumba viwili vya kupanga mjini, mwili unasafirishwa kwa basi kwenda mbali, na mtoto anabaki kwa jirani na neno moja tu, “amesafiri.” Tumeziacha desturi zilizosema kweli, tukabaki na maneno yanayoficha.

Wala televisheni haiwezi kutulipia deni hili. Fred Rogers alisema na watoto wengi mno, lakini hakuweza kumpangusa machozi hata mmoja wao kupitia kioo. Kipindi kizuri hufungua mlango tu. Kinapokwisha, mtoto hugeuka na kumtazama mtu aliyeketi karibu naye, aone kama huyo naye atasema.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usizionee haya kumbukumbu zako za vipindi vya utotoni. Si upuuzi. Ni ushuhuda kwamba zamani mtu fulani alikuheshimu ulipokuwa mdogo, asiyekujua jina, asiyetazamia shukrani yako. Shukrani hiyo haiwezi tena kumfikia. Rogers alifariki mwaka 2003, na wengi wa wenziwe wamekwisha kumfuata. Lakini katika mtaa wetu hakuna mwezi unaopita bila mazishi, na katika kila mazishi yuko mtoto aliyesimama pembeni akiwatazama watu wazima nyuso zao. Mwendee huyo. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umwambie kwa maneno machache kile kilichotokea, na ubaki naye mpaka amalize kuuliza.