Ni Nani Amponyaye Mgonjwa?

Mtu wa Makomeno, hapa Lubumbashi, augua. Aenda hospitali, apewa dawa, apona. Ni nani aliyemponya? Wengine hujibu: daktari. Wengine: dawa. Wachache humtaja mwuguzi, na karibu hakuna amtajaye mgonjwa mwenyewe. Jibu la namna hiyo limepungua.

Daktari huyajua magonjwa. Mgonjwa huyajua maumivu yake. Ujuzi umegawanyika, na kila mmoja ana deni kwa mwenzake. Mgonjwa anadaiwa ukweli: siku ugonjwa ulipoanza, mitishamba aliyokunywa nyumbani, vidonge alivyoacha kumeza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6 hivi. Mwenye kuacha dawa mapema, kwa kuwa kikohozi kimetulia, aweza kuwapa vijidudu nguvu ya kuishinda dawa, kisha akawaambukiza jirani zake.

Deni la daktari nalo si dogo. Yampasa kueleza kwa lugha ambayo mgonjwa aifahamu. Mtu aliyeamriwa bila kuelezwa hutii kwa woga tu, na woga huo huishia mlangoni pa hospitali.

Kati yao husimama mwuguzi, ayachukuaye maneno ya huyu kwa yule. Hospitali kubwa ya Lubumbashi yaitwa kwa jina la Jason Sendwe, aliyeuawa mwaka 1964. Wengi wamkumbuka kwa siasa. Lakini kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa madaktari.

Mahali maneno hayo yakosapo kuaminiwa, hata dawa njema hupungukiwa. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200, ingawa chanjo ilikuwapo. Wengi hawakuwasadiki wageni waliofunika nyuso zao. Wagonjwa walifichwa, na watumishi wengine wa afya waliuawa. Hapo waliopona walikuwa msaada mkubwa: waliwalea watoto wa wagonjwa, na neno lao lilisikiwa, kwa maana walilala katika vitanda vile vile.

Basi, mgonjwa naye ni mtenda kazi katika kuponywa kwake. Aulize bila haya. Mwuguzi ajibu bila hasira. Daktari asikilize kabla ya kuandika dawa. Mmoja wao akiiacha sehemu yake, wenzake hawawezi kuitimiza kwa niaba yake.